Sauti Yako Ilitufikia Ufukweni

Kuala Meurante, Aceh
Mwishoni mwa Shaabani

Kwa mdogo wangu Asmanidar,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na shemeji na wanangu, na duka lenu la hapo Penang liwe linaendelea kupata wateja. Ukitaka kujua hali yangu, mwili haujambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yananigomea asubuhi mpaka niyabembeleze. Mabati uliyotununulia kwa ajili ya jikoni hayavuji. Mipopoo nyuma ya nyumba imezaa vizuri, nimeuza, nimekula. Watu wote unaowafahamu ni wazima, na wengine kwa kweli sikuwaombea uzima lakini wanao.

Najua unashangaa kupata karatasi. Simu ninayo na inafanya kazi, usimlaumu fundi. Nimechagua kalamu kwa sababu maneno ya kwenye simu mtu anaweza kuyabonyeza yakasikika kijiji kizima, na karatasi haina tabia hiyo. Nataka haya uyasome peke yako, umekaa chini.

Tangu Mama atutoke mwezi wa Januari, kila ukinitumia ujumbe unaniuliza jambo lilelile: je, Mama alizikwa kwa ile sanda uliyomletea kutoka Makka, uliyoichovya kwenye maji ya Zamzam kwa mikono yako? Mimi nimekuwa nikikuzungusha, mara nasema msiba umetuchanganya, mara nasema nitakueleza. Leo nakueleza. Lakini utayapata kwa mpangilio wangu mimi, kwa hiyo usikimbilie mwisho.

Nianze na siku ile ya Novemba mashua ilipoingia kwetu. Ilikuja asubuhi, injini imezimika kwa kuishiwa mafuta, imejaa Warohingya waliokaa wamekumbatia magoti kwa kukosa nafasi. Miaka ya nyuma, wewe ukiwa umeshahama, mashua ya namna hiyo ikifika tulikuwa tunagombania nani apike wali na nani alaze watoto. Safari hii watu walitoka na kamba. Waliifunga kutoka mnazi hadi mnazi, ufukwe mzima, na wakasimama nyuma yake kama wanalinda harusi ya tajiri.

Kilichotubadilisha sikijui vizuri, ila maneno yake nayajua, maana yalikuwa yanazunguka kwenye mgahawa wa kahawa kuanzia asubuhi. Kwamba hao watu wanamwaga wali baharini kwa kuwa hauna pilipili. Kwamba mashirika yanawalipa vizuri kuliko mwalimu. Kwamba wanazaa bila kupumzika na wakishatuzidi watakitwaa kisiwa kizima. Ukiuliza nani kaona, kila mmoja ana video aliyotumiwa na binamu wa rafiki yake. Mjomba Hasballah, unavyomjua kwa mdomo, alisimama na upondo wake mkononi akasema, “Wacheni washuke tu. Mwakani tutakwenda kwao kuomba kibali cha kuozesha binti zetu.” Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama akainama akapita chini ya kamba na birika la maji. Nilawati wa duka la sabuni akamzuia, akamwambia, “Bi mkubwa, rudi. Hao si wageni, hao ni mzigo.” Unamkumbuka Mama, mwosha maiti wa wanawake wa kijiji hiki tangu sisi hatujazaliwa. Alimtazama tu, akamjibu, “Nilawati, mama yako nimemwosha mimi, na bibi yako nimemwosha mimi. Nipishe, nisije nikakuosha na wewe kabla ya siku yako.” Nilawati akapisha, na mimi nikapita nyuma ya Mama.

Mwanamme mmoja alikuwa ameshuka kwenye maji amembeba mkewe mabegani. Yeye jina lake Shofi Alom, mkewe Senuara, ingawa majina hayo niliyajua baadaye. Yule binti alikuwa amekauka kwa kiu na homa, midomo imepasuka, na umri wake hauzidi wa mwanao mkubwa. Mama alimpakata, akawa anachovya pembe ya mtandio kwenye maji na kumkamulia mdomoni, tone baada ya tone, huku akimwita “mwanangu, mwanangu.” Alikata roho mapajani mwa Mama kabla ya adhana ya adhuhuri.

Sasa ukazuka ugomvi wa kaburi. Mama alimwita keuchik wetu, mkuu wa kijiji, Tarmizi, akamwambia huyu ni Mwislamu, kafia kwenye mchanga wetu, mnachimba wapi? Tarmizi si mtu mbaya wa kuzaliwa. Wewe ndiye unayemjua zaidi, mlivuka pamoja kwenda Penang kukimbia vita, mmejibanza kwenye mashua isiyokuwa na tofauti na ile, ukamtapikia miguuni, mwenyewe ulitusimulia tukacheka. Kwa uso wake niliona anataka kukubali. Lakini wazee wakaanza kumnong’oneza kwamba kaburi ni kama hati ya shamba, akishazikwa mmoja wengine watafuata kuzuru, na wakishazuru hawaondoki. Na Tarmizi tangu utotoni hawezi kuchagua hata samaki sokoni bila kuuliza watu.

Basi akauliza. Akaandika kwenye lile kundi la simu la kijiji, kwenu ninyi mlioko Penang, kwa kuwa ninyi ndio mnaojenga msikiti wetu mdogo na ninyi ndio mnaoishi na Warohingya huko. Akawaomba mseme: tuwapokee usiku mmoja na tumzike huyu marehemu, au hapana? Jibu la kwanza lilikuwa lako. Hukuandika, ulisema kwa sauti. Na Tarmizi, ili mtu asije akasema uamuzi ulikuwa wake, akaiunganisha simu na kipaza sauti cha msikiti, kilekile cha adhana.

Sikuongezei wala sikupunguzii. Ulisema: “Ndugu zangu, mimi Asmanidar, naishi nao, nawajua. Wallahi msiwapokee. Ukimkaribisha mmoja barazani, kesho wako ishirini jikoni. Huku wamejaa sokoni, wanatuharibia biashara, shukrani hawana. Na huyo aliyekufa, wana mashua yao, waondoke naye. Wasukumeni tu. Bahari ni pana.”

Watu walikushangilia, mdogo wangu. Walisema unaona, huyu anawajua, huyu yuko huko huko. Kuna waliokuwa wamekaa kimya mpaka wakati ule, wanangoja mtu mmoja tu aseme neno la huruma ili nao wapate kulisema. Niliwaona wakiangalia chini. Na Mjomba Hasballah alitema mate mikononi akashika upondo wake sawasawa.

Lakini nataka ujue Mama alifanyaje. Sauti ilipoanza, kabla maneno hayajaeleweka, aliinua uso na akatabasamu. Alidhani umefika. Miaka yote hiyo hajakuona, na akili yake ikamwambia mwanangu amekuja, yuko msikitini. Aligeuka kukutafuta. Halafu maneno yakamfikia, na nikaona lile tabasamu likimtoka taratibu. Mimi nimeona maiti wengi kwa kazi yetu, lakini uso ule sijapata kuuona kwa aliye hai.

Akaniambia, “Nenda nyumbani kanifuatie sanda.” Nikamuuliza ipi, maana za kijiji zinakaa msikitini na hapo asingetoa mtu. Akasema, “Ya Asmanidar.” Nikamwambia, Mama, ile ni yako, umeiweka kwa ajili ya siku yako, unaipiga pasi kila mwaka. Akasema, “Yeye amewafukuza kwa mdomo wake, basi nguo yake iwasindikize. Nenda, usinijibu.”

Nilikimbia. Magoti haya haya yalikimbia. Na nakwambia ukweli, niliifungua kabati ile na kuitoa sanda yako kwa furaha, furaha mbaya, ya kusaga meno. Nilipoinusa ilikuwa bado ina manukato uliyoitia.

Tulimwosha Senuara palepale ufukweni, kwa maji ya kisima chetu. Wanawake wenzake wa mashuani walishika mitandio na shuka zao kumzungushia stara. Wa kijiji chetu hakuna aliyeshika hata pindo. Mama alimwosha polepole, kama anavyomwosha mtu wa nyumba kubwa, akamfunga mafundo yote kwa mkono wake. Wanaume wa mashua wakamsalia. Wetu walisimama nyuma ya kamba wamekunja mikono, watu wanaojua fika kwamba sala ya jeneza ni deni la kila aliye karibu. Kisha wakawapa biskuti, maji na dumu la mafuta, wakaijaza injini, na pondo zikaanza kazi. Mashua iliondoka na kile kifurushi cheupe juu ya mapaja ya mumewe. Hakuna aliyejua nguo ile imetoka wapi isipokuwa mimi na Mama.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako. Sanda uliyoichovya Zamzam iko chini ya bahari, kwenye ile bahari uliyosema ni pana. Watu wa mashua walikaa na maiti mpaka joto likawashinda, wakamshusha majini. Wao wenyewe walifika wilaya ya jirani, na watu wa huko, Mungu awape, waliwashusha.

Bado sijamaliza. Kuanzia wiki ile ulipokuwa unapiga simu na kuomba uongee na Mama, nilikuwa nakwambia masikio yake yamekuwa mazito, hakusikii, nitamfikishia. Ukalia, ukasema utamnunulia kifaa cha masikio, na kweli ukakituma. Masikio ya Mama yalikuwa mazima mpaka saa yake ya mwisho. Alikuwa anasikia kuku akikanyaga majani nyuma ya nyumba. Kila nilipompa simu aliirudisha mkononi mwangu na kusema, “Sauti hiyo nimeshaisikia.” Basi. Hakukulaani hata siku moja, kama unataka kujua. Alikuwa anamwombea kila swala yule mama wa Kichina aliyekupa chumba nyuma ya duka lake ulipofika Penang na nguo moja mwilini, bila kukuuliza karatasi. Jina lako alikuwa akilitaja kwenye dua hiyo tu: “yule aliyempokea Asmanidar.” Peke yake hakulitaja tena.

Alizikwa kwa bafta ya sokoni, ya kawaida, kama alivyoagiza. Nimemwosha mimi.

Sasa nikupe habari za khitma yake ya siku ya arobaini na nne, kama ada ya kwetu, maana ulituma fedha za mbuzi wawili na ukaagiza tupike chungu kikubwa cha mchuzi na mafenesi machanga, uwanjani kwa msikiti, vijiji vya jirani vialikwe, na jina lako litajwe kwenye dua kama mwenye chakula. Nimefuata maagizo yako yote isipokuwa uwanja. Tarmizi alikuwa ameshaufagia na kukodi mahema. Nilimfuata nikamwambia hapatapikwa kitu hapa, mbuzi wanakwenda kwa Warohingya. Nikamwambia Mama amewaoshea wanakijiji maiti wao miaka yote, si lazima awalishe na walio hai. Akasema, “Dada Yus, unatuaibisha mbele ya vijiji vya watu.” Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo kazi niliyoijia. Alibaki amesimama katikati ya mahema yake.

Kijiji kilichemka. Nilawati alisema nimerogwa. Mwingine akasema huyu mzee anatafuta mume wa Kirohingya, nikamjibu kwamba sawa, lakini kwa magoti haya itabidi anibebe. Shida yangu ilikuwa mpishi, kwani unajua chungu kile ni kazi ya wanaume na mkono wa kukipika ni wa Mjomba Hasballah. Sikumwomba. Alikuja mwenyewe alfajiri na chungu chake juu ya bajaji, hajanisalimu, akasema, “Mimi siwapikii hao. Nampikia dada yangu.” Nikasema panda twende.

Watu wa mashua sasa wamewekwa mjini, kwenye jengo kuukuu lenye uzio, na getini watu wametundika bango kwamba warudi walikotoka. Walinzi walitaka kuturudisha. Mjomba akawaambia mbuzi wameshachinjwa, kama wanataka kuwarudishia uhai wajaribu. Tukaingia. Alipika akiwa amenuna, akinung’unika, “Tuone basi wakimwaga, tuone.” Walipopewa sahani, mzee mmoja alikula, akafuta sahani kwa kidole, kisha akamletea Mjomba sahani ile ili aone ilivyo safi, kwa sababu hawakuwa na lugha ya pamoja. Mjomba alirudi kukoroga chungu ambacho kilikuwa hakihitaji kukorogwa.

Kabla ya kula, mzee wao wa dini aliuliza chakula ni cha nani, ili aombe dua kwa jina. Nikasimama nikasema ni cha marehemu mama yangu, na mtoaji ni Asmanidar binti Abdurrani. Nililirudia jina ili wote walishike. Wakainua mikono. Umeombewa, mdogo wangu, na watu zaidi ya mia, riziki na afya na mlango usiofungwa, na aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko wote alikuwa Shofi Alom, mume wa Senuara.

Alinitambua kabla sijamtambua. Ana Kimalay cha kazini, kwani aliwahi kubeba matofali hapo Penang na kaka yake kabla hajarudi kumwoa Senuara. Ndiye aliyenieleza habari za baharini. Halafu akaniuliza swali. Alisema, “Dada, siku ile kuna mwanamke aliyesema kwenye kipaza sauti. Lugha yenu ya Kiaceh sikuielewa. Lakini alipomaliza tu, bibi akatuma sanda iletwe. Nikajua yule mwanamke alikuwa anatutetea. Ni nani?”

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Mambo yote haya niliyokuandikia yalikuwa mdomoni, na kwa mtu aliyempoteza mke, yangemtosha maisha. Nikafikiri, nikaona hiyo itakuwa rahisi mno kwako. Chuki ya Mrohingya umeshajiandaa nayo, unaiweza, utafunga duka na kuita polisi. Nikamwambia, “Ndiye huyo huyo uliyemwitikia amina. Na sanda ilikuwa yake.” Hakuna neno la uongo hapo. Alikaa chini akalia kwa sauti, mwanamme mzima, akawa anasema Mungu akuweke, Mungu akuweke.

Kaka yake bado yuko Penang, na yeye mwenyewe anatafuta njia ya kuvuka kumfuata. Aliniomba anwani yako ili waje wakushukuru. Nimempa. Nimeiandika kwa herufi kubwa, mtaa, namba na rangi ya mlango wa duka, na nikawapa ndugu zake wawili nakala, isije ikapotea. Simuoni kuwa ni mtu wa kusahau. Alisema akifika atakubusu mikono na kukuomba umweleze ulisema nini siku ile, neno kwa neno, akawasimulie wazazi wa Senuara.

Huku kwetu wiki hii watu wanaombana msamaha kabla ya mfungo, wanapita nyumba kwa nyumba. Tarmizi amekuja, nimemkaribisha, nimempa kahawa, msamaha sikumpa. Kwako siombi, na wewe sikupi. Usinipigie simu. Kama una la kusema, andika kwa mkono, uone lilivyo zito kuliandika.

Nisalimie shemeji. Wabusu watoto kwa niaba yangu, waambie mama yao mkubwa anawapenda na hana kinyongo nao. Nakutakia Ramadhani yenye heri na afya ya kuimaliza.

Shofi Alom utamtambua kwa kovu refu chini ya jicho la kushoto. Yeye hajui sura yako, anajua sauti tu. Anasema aliisikia mara moja lakini hataisahau, ilikuwa sauti nzuri. Akiingia dukani, msalimie.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Yusniar